Sababu ya Nne Uliyoandika Wewe

Hamisi ndugu yangu,

Nimetoka gerezani. Ungekuwepo ungeanza kunitania kwa hii suruali ninayoifunga kwa kamba.

Mahakama Kuu ilipotukatalia rufaa ya kwanza, mimi nilikata tamaa, wewe ukaomba karatasi. Ukaandika sababu tano za rufaa, huku unakohoa. Unaikumbuka ya nne? "Aliyemulikwa tochi machoni anamwonaje aliyeishika?" Nilikucheka. Nikakwambia ifute, majaji watatuona watoto. Ukasema, "We weka dole gumba, mengine niachie." Nikaweka kwa hasira.

Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani walikaa Mtwara mjini. Nilidhani yule mwenye duka ataitwa aeleze tena alivyotutambua usiku ule alipoibiwa. Hakuitwa mtu. Walisoma tu alichoandika hakimu, na karatasi yako. Wakasema hakimu alikosea kuamini utambuzi wa namna ile, na sababu ya nne peke yake inatosha. Hatia ikafutwa, miaka thelathini ikafutwa.

Yangu. Yako hapana. Wakili wa Serikali alisimama akasema mrufani wa pili amefariki, jaji akasema rufaa yake imekoma. Ndiyo sheria, maiti hana rufaa. Tochi ile ile, shahidi yule yule, lakini kwenye hukumu wewe bado mwizi. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga, Hamisi. Niliogopa watanirudisha ndani.

Jana nilifika Kitaya. Mama yako alinisongea ugali wa muhogo, akanitazama nikila, kisha akauliza, "Kumbe mwizi alikuwa wangu?" Kijijini wanasema hivyo, kwamba asiye na kosa karudi. Nilirudisha tonge sahanini. Nikaanza kumweleza habari za rufaa kukoma, nikaona hata mimi sijielewi. Nikanawa mikono, nikaja kaburini kwako. Siku ya kukuzika nilikuwa ndani, kwa hiyo udongo wangu nimeutia jana.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitasimama na nakala ya hukumu. Nitawasomea sababu ya nne, niseme nani aliiandika na nani alitaka ifutwe. Ijumaa ya pili nitasoma tena. Wakinichoka, waondoke. Mama yako nitamkalisha mbele.

Lala, ndugu yangu. Kazi yako uliimaliza. Mengine niachie mimi.

Bakari