Uso Wangu Mahali pa Glasi

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa Shangazi,

Ndiyo, lile uliloniuliza kwenye simu nikasingizia mtandao unakatika, sasa nalijibu. Lakini kwanza, hujambo? Goti linaendeleaje? Sisi wazima, na ndoa tamu, Shangazi! Mume wangu hunipigia pasi nguo huku akiniimbia, na kuimba kwenyewe hajui.

Uliuliza kama kishikwambi ulichomtumia wifi yangu (wifi wa ndoa, si wa intaneti!) kinamsaidia. Kilimsaidia mno. Unaijua hali yake ya usonji: miaka ishirini na miwili, na hasemi neno. Programu yake ya kusemea kwa picha ilizungumza Kizungu, basi mume wangu akarekodi maneno yote upya kwa sauti yake. Wifi akigusa picha ya glasi, kinasema, "Nataka maji." Hata mama mkwe, aliyedai kioo kitammezea binti yake ulimi, aliishia kukisifu.

Kisha marafiki zangu wa shule wakaja kunitembelea. Katikati ya chai, sauti nzito ya kiume ikatoka chumbani: "Nataka choo! Nataka choo!"

"Bibi harusi, umeolewa na redio?" mmoja wao akauliza.

Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nilimwonea haya wifi, Shangazi. Nikampokonya kishikwambi, nikataka kupakia picha za harusi niwaonyeshe. Kikagoma, kimejaa. Nikafuta kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, bila hata kusoma jina. Nikaweka na uso wangu utokee mbele kwenye kioo, ndani ya shela.

Kumbe nilifuta ile programu yake; sasa pale palipokuwa na glasi pana shavu langu. Wifi hulibonyeza. Husubiri. Hulibonyeza tena, kisha hujiuma mkono. Tulimletea chakula, mto, sweta. Juzi nilimkuta anakunywa maji ya ndoo ya deki.

Mume wangu nilimwambia kimeharibika chenyewe. Akaniamini, akanibusu. Busu lile bado linaniwasha.

Leo nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Ameisukuma chai yake kando. Kisha akasema, "Safari hii rekodi wewe. Aombe choo kwa sauti yako."

Nitarekodi, Shangazi, lakini kuirudisha programu ni wewe unayejua. Msalimie Mjomba na pacha zake watundu. Mungu akulinde na goti lako. Kabla mwezi huu haujaisha tutabisha hodi kwako, sote watatu, na wifi ndiye atakayekibeba kishikwambi.

Mwanao akupendaye kwa aibu yake yote,
Bibi Harusi