Dirisha la Pili Sikulifunga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Chanji tu wazima, na shangazi yako katuletea dagaa kutoka Kirando.

Unasema kanzidata zenu mbili za hospitali, hayo madaftari ya kompyuta, zimewapa wagonjwa wawili namba ileile, na sasa bosi wako anataka moja izimwe. Upuuzi huo naujua!

Nilipokuwa karani wa kliniki ya watoto kule Laela, tuliandikisha kwenye madirisha mawili, kila dirisha na daftari lake. Siku moja mimi na mwenzangu Yusta tukawapa watoto wawili namba ileile. Mkuu wetu akafoka, "Fungeni dirisha moja!" Nikaitazama foleni iliyofika barabarani, watoto wanalia kwa baridi. Nikamjibu, "Sifungi."

Tukagawana namba: mimi moja, tatu, tano na kuendelea; Yusta mbili, nne, sita. Na kila mchana, kabla ya kugusa ugali, kila mmoja alinakili aliyoandika mwenzake. Hatukugongana tena. Yusta alipougua, watoto wote aliowaandikisha nilikuwa nao daftarini mwangu.

Usizime, Neema. Bosi wako akitaka kuzima, akapange foleni kwanza, mtoto mgongoni.

Bibi yako,
ambaye hajalifunga dirisha mpaka leo.