Hoja ya Damu

Jumatano, 18 Februari 2026

Jumatano ya Majivu. Paji la uso bado limechafuka, sijanawa.

Darasa la wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, leo lilikuwa langu kweli kweli. Nimestaafu kufundisha historia sekondari, lakini nipe chaki tu, basi. Nimewaeleza wafiadini wa Roma. Hakimu anakwambia: tupa chembe ya ubani mbele ya sanamu ya mfalme, mlaani Kristo, rudi nyumbani kwa wanao. Chembe ya ubani! Wakakataa. Nikahitimisha kama kila mwaka — mtu hafi kwa ajili ya uongo anaoujua, na mitume wote isipokuwa Yohane walikufa hivyo. Kwa hiyo ni kweli.

Ibra hakuwa anaandika, anasikiliza tu. Ni fundi wa kuchomelea mageti pale Bombambili, kwao Tunduru, familia ya Kiislamu. Mwaka wa pili sasa yuko darasani kwangu. Amewahi kuniambia kilichomvuta si kwaya wala rafiki, ni hoja hii. Atabatizwa Pasaka. Baba yake bado hajui.

Jumamosi, 21 Februari

Nimepigwa swali. Noela, yule binti mwembamba aliyemaliza kidato cha nne: "Mwalimu, na babu zetu wa Majimaji? Walikufa wakiamini dawa inageuza risasi kuwa maji. Ilikuwa kweli?"

Babu yake baba yangu alianguka kwenye vita ile, dawa haijakauka mwilini. Nikajibu haraka, maana kushindwa sijazoea: babu zetu waliambiwa, mitume walijionea wenyewe. Jibu zuri. Hata sasa naliona zuri.

Ibra alinisubiri nje. Akauliza kwa sauti ya chini: na hao wa ubani, walijionea nini? Si nao waliambiwa tu? Nikasema tutaongea siku nyingine. Nimekimbia! Mimi!

Jumatatu, 23 Februari

Sikukuu ya Polikarpi, askofu mfiadini. Mzee wa watu, neno moja tu lingemrudisha nyumbani. Nalia kila mwaka. Lakini machozi si ushahidi, hilo nilikuwa nawafundisha hata kidato cha pili.

Petro, Paulo, Yakobo — ushahidi upo, wa mapema, nautetea mbele ya yeyote. Wengine habari zao ziliandikwa miaka mingi baadaye, na nyingine zinagongana. Najua hivyo tangu chuo. Ila darasani nawapanga wote mstari mmoja kana kwamba niliwazika mimi.

Ijumaa, 27 Februari

Kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji. Ngoma toka asubuhi, mjini hapapitiki. Najiandaa kwenda — hodi mlangoni. Mzee Muhsini, baba yake Ibra! Ametoka Tunduru kwa basi, amefikia kwa mpwa wake. Kuna mtu kamwambia.

Nikataka kumwandalia chai. Amefunga. Na mimi nimefunga, Ijumaa ya Kwaresima. Tukakaa tunatazamana, mezani hakuna kitu. Nilijiweka tayari kwa ugomvi. Hakugombana. Alisema Ibra ndiye mwanawe pekee wa kiume, ndiye anayemtegemea amsalie siku yeye atakapozikwa. Akibatizwa, hilo limekwisha, na mama yake hatakanyaga tena kwa Ibra. Halafu akasema:

"Mwalimu, kijana wangu ananiambia wewe humdanganyi. Mimi sina elimu ya kubishana na wewe. Nakuomba tu, kama nyumba unayompa ina ufa, mwonyeshe ufa kabla hajaingia."

Sikuweza kumtazama. Alipoondoka, ngoma bado zinalia, sikwenda tena. Nimeumia sana.

Jumamosi, 28 Februari

Nimewaonyesha. Wote, si Ibra peke yake. Kifo kinathibitisha kwamba mtu anaamini, basi. Hakithibitishi kwamba anachokiamini ni kweli. Babu zetu hawakuwa waongo. Wafiadini wa Roma hawakuwa waongo. Na mitume — nikataja ninaoweza kuwasimamia, na wale nisioweza. Noela akawa anafuta mistari kwenye daftari.

Nikawaambia na kilichobaki, maana kimebaki. Watu wachache walimkimbia Yesu usiku aliokamatwa, wakajifungia ndani. Haupiti muda, wamo mji uleule uliomwua, wanasema tumemwona. Wangenyamaza wangeishi. Mimi nasimama hapo. Ni padogo kuliko nilivyowaambia.

Ibra akauliza, "Kwa nini hukusema mwanzoni?"

Nikamwambia ukweli: nilitaka kushinda. Akafunga begi lake akaondoka, hakuaga. Noela akanisaidia kufuta ubao.

Jumapili, 1 Machi

Ibra hakuonekana misani. Padre Makarius anataka majina kesho. Jumapili ijayo nasimama mbele ya waumini kuwathibitisha watakaobatizwa. Jina la Ibra sijui niandike au niache. Nimeshinda na kalamu mkononi kama mtoto kwenye mtihani.

Jioni — wamekuja! Ibra na baba yake. Wako barazani wanangoja adhana wafuturu, nami niko jikoni na uji, naandika nimesimama. Ibra macho yamevimba. Hakusema kama anaendelea, wala kama ameacha. Alisema amemweleza baba yake yote ya jana, akakwama mahali pamoja, ndiyo maana amemleta.

Nilidhani Mzee amekuja kunishukuru, na shukrani hiyo nilishaanza kuichukia. Hakushukuru. Aliweka mikono magotini, akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua hasa:

"Hao waliokimbia, Mwalimu. Walirudi kwa nini?"

Ibra akanitazama. Nikasema uji utaungua, nikaingia huku. Haujaanza hata kuchemka.