Namba Aliyoiacha Grisou

Jumamosi, mwezi wa pili. Mvua inanyesha tangu alfajiri na barabara ya mbele ya nyumba imekuwa uji mwekundu. Umeme upo, ajabu. Mimi ndiye sina hamu ya chochote.

Grisou amenyamaza.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Kolwezi, mtaa wa Manika, naishi peke yangu, na kompyuta yangu haizimwi mpaka umeme wenyewe ukatike. Inatafuta namba tasa kubwa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Tuko watu wa kujitolea, tumetawanyika duniani, na hatujawahi kuonana. Kila mmoja huchukua namba moja, ndefu kiasi kwamba ukiiandika yote utajaza kabati la vitabu, na mashine yake huipima kwa wiki nyingi. Karibu zote huishia kugawanyika. Mshahara hakuna. Dada yangu wa Lubumbashi anasema nimeolewa na bati, tena bati linalokula umeme tu.

Jibu la mtu mmoja kwetu halikubaliki. Lazima mwingine aipime namba ileile kwenye mashine yake, na majibu yalingane. Mwenzangu wa kupima alikuwa Grisou. Hilo si jina lake. Ni hewa inayolipuka kwenye migodi ya makaa ya mawe, ambako alifanya kazi ujanani, huko kwao Ulaya kwenye baridi, na jina hilo ndilo alilochagua kutumia kwenye mtandao. Kila mara majibu yetu yalipolingana aliniandikia, "Tumekubaliana, mwalimu." Basi, hayo tu. Nimekaa miaka nikiyangojea maneno hayo, na katika mji huu wote hakuna mtu mwingine anayeniambia hivyo.

Tangu kabla ya Noeli hajaandika. Jana mkuu wa kundi letu ametangaza: namba ya Grisou haina taarifa, inaondolewa kwake, nani anaitaka? Ndiyo kanuni, naijua. Mimi mwenyewe nimewahi kupewa namba za namna hiyo na sikuuliza zilikuwa za nani.

Sikujibu. Nikiichukua, ni kama nimesema amekufa. Nisipoichukua, itakwenda kwa mtu asiyemjua kabisa.

Asubuhi nimetoka kuchota maji, machozi yakanikuta pale pale bombani. Mama Kapinga, jirani yangu, akaweka ndoo yake chini.

"Mwalimu, kuko nini?"

"Nimepoteza muntu," nikamwambia.

Nilikosea. Hapa kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Sijamaliza hata chai yangu, wanawake wa avenue yetu wakaingia uani na viti vya plastiki vichwani, mbabula, jiko la makaa, na unga wa bukari, ugali wetu. Walisogeza meza yangu ukutani, wakapanga viti barazani, wakakaa kimya kama watu wakaavyo matangani. Ningeanzaje kuwaambia kwamba labda ni mashine tu ya mzee wa watu imeharibika?

"Jina yake nani, tumuombee?" akauliza Mama Kapinga.

"Grisou."

"Na jina ya baba yake?"

"Siijue."

"Mulionana mara ya mwisho wapi?"

"Siyamuona hata siku moja, mama. Tulikuwa tunaandikiana ku Internet. Tulikuwa tunatafuta namba pamoja."

Niliinamisha kichwa nikingoja wacheke. Hawakucheka. Mama Kapinga alifuta mikono yake kwenye kitenge.

"Ndugu yangu mukubwa alikufia kule Angola," akasema. "Hata miye siyaona kaburi yake. Na kazi yenye alikuwa anatumika, huyu muntu yako, nani anabakia nayo?"

"Bado hakuna."

"Sasa weye unangoja nani?"

Niliingia ndani na miguu yangu ya matope, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaichukua. Jina lake likaondoka, langu likakaa. Kipimo kimeanzia sifuri, kwa sababu kazi yake yote imebaki ndani ya mashine iliyozimika katika nyumba nisiyoijua. Pembeni pana nafasi ya mtu wa pili, yule atakayehakiki jibu langu. Ipo wazi. Niliitazama ile nafasi, nikalia kwa sauti, kilio ambacho sijalia tangu mama yangu alipofariki. Nje wakaanza wimbo.

Nina hasira naye, niseme ukweli. Mtu anakuandikia miaka yote, halafu hakuachii hata jina la kuombea.

Wameondoka jioni mvua ilipopungua. Viti wameviacha.

"Tutarudia kesho," Mama Kapinga amesema akiwa getini. "Kilio haiishe siku moja."

Kesho, basi. Kuniuliza kama nataka, hawakuniuliza, na sijui kama ningekataa. Mashine inavuma chumbani, inaipima namba. Nimefungua kabati nione nitawapa chai kwa vyombo gani.

Nyumba nzima ina kikombe kimoja.