Maswali Ninayowauliza Wanaume Dukani

Nyumbani, mtaa wa nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Je, goti limeanza kukunjika baada ya zile sindano, au bado unapanda ngazi huku unalitukana? Sisi huku wazima. Mama mkwe ana mafua kidogo, ila mdomo wake haujaugua.

Nimeambiwa yaliyokufikia: kwamba nasimama kwenye duka la dawa nawauliza wanaume wa rika la baba yangu habari za chumbani, na kwamba kaka yako, Baba Mkubwa, anataka niache kazi. Sikatai, nauliza. Lakini usikie kwangu.

Maneno yalianzia kwa fundi wa kuchomelea mageti, rafiki yake Baba Mkubwa. Aliingia, akajifanya anasoma makopo ya maziwa ya watoto mpaka wateja wakaisha, ndipo akaninong'oneza: "Nipe ile dawa ya wanaume. Mambo yamelala."

Nikampeleka chumba cha kupimia presha, nikamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Kumbe ana vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Nikamwambia siuzi: dawa hizo mbili zikikutana mwilini, presha inaweza kuporomoka ghafla na kumuua. Nikamwambia pia kwamba huu ni ugonjwa kama mwingine, hajarogwa, arudi kwa daktari wake wa moyo amweleze na hili.

"Nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa na mtoto wa kike," akasema, safari hii mtaa mzima ukisikia. Kutoka hapo, moja kwa moja kwa Baba Mkubwa.

Mwenye duka naye akanijia juu, eti nafukuza wateja. Nikavua koti jeupe, nikaliweka mbele yake, nikamwambia auze yeye na ajibu yeye mtu akianguka. Akalitazama lile koti, kisha akanirudishia. Nilikuwa tayari kuondoka, Shangazi.

Juzi fundi amerudi, na mkewe. Daktari amemkuta na sukari ambayo hakuijua, na dawa zake zinapangwa upya. Hakuniomba radhi. Aliomba tu nimweleze mkewe vilevile nilivyomweleza yeye. Mama wa watu akasikiliza, akafuta macho kwa kiganja. "Yeye alidhani nimemchoka," akasema, "na mimi nilidhani ana mwingine." Walikuwa wanalala wamepeana migongo, hakuna anayeuliza.

Basi mfikishie kaka yako: siachi kazi, na wala sitanong'ona kana kwamba nauza bangi. Kesho akija mwingine nitamuuliza yaleyale. Wanikasirikie watakavyo, mradi wawe hai.

Nisalimie Mjomba, dada mshonaji na yule mtundu wetu Kipara. Mungu akupe usingizi mtamu na miguu isiyouma.

Ni mimi binti yako, nikupendaye na nisiyejua kunyamaza.