Kopo ya Pembeni

Beni, Jumapili

Mbele ya batu bote! Leo kwa kilio, kwenye matanga ya jirani, bote banakunywa maji mu kopo moja, inapita mukono kwa mukono. Ilipokaribia kunifikia mie, muke ya kaka yangu, Kahindo, akaniletea kopo ingine, ya pembeni.

Ni juu ya kinywa yangu. Banaona vidonda vyeupe, banaona makapsuli ninameza, basi banasema ni SIDA, ukimwi.

Lakini infirmier, muuguzi wa hospitali ya Butembo, aliniambia wazi: «Mama, hii hapana SIDA, haiambukize mutu. Ni uvimbe wa kinywa, inakawiaka kupona. Vitamini E hii haitaponyesha, labda itapunguza moto ya mu kinywa.»

Na imepunguza. Juzi nilikula sombe, majani ya muhogo, na pilipili kidogo, sikulia na maumivu. Sasa makapsuli inaelekea kuisha, na barabara ya Butembo basoldat, baaskari, bameifunga tena.

Pale kwa kilio nilikunywa, nikasema aksanti. Njia yote nilikuwa namutukana Kahindo mu roho.

Kufika nyumba, kiu ikanishika. Nikanyoosha mukono juu ya kabati, kwenye kopo yangu inakaaka, mbali na za batoto.

Hakuna mutu aliniambia niiweke pale.