Kifaa Ulichotutumia

Kitale, Agosti 2007

Kwako shemeji Ngige,

Huku hatujambo, na mahindi yamebeba vizuri. Kile kifaa cha kupima pombe ulichotutumia kutoka Uingereza kilifika.

Ndugu yako Gikonyo hajaonja pombe tangu amgonge kwa gari Phelista, yule msichana wa Bungoma, akafa. Ilikuwa asubuhi, baada ya kunywa harusini usiku. Gikonyo alikuwa amelala, akaoga, akanywa chai, akadhani pombe imeisha mwilini. Siku hizi hawashi gari kabla ya kukipuliza kifaa chako. Kinasoma sufuri, anapuliza tena.

Jumamosi tulienda kwa gari hadi kwa mama yake Phelista. Gikonyo alimwonyesha kifaa, akamweleza kinavyofanya kazi. Mama akakigeuzageuza, kisha akauliza polepole, "Baba, ungekuwa nacho siku ile, ungepuliza?"

Gikonyo alikichukua kifaa, akatoka, akalipita gari bila kuligusa. Tulirudi na basi. Gari bado liko uani kwa yule mama, na Gikonyo hataki hata kulitaja.

Shemeji, usimtumie kitu kingine. Mpigie simu tu, hata kama atanyamaza.

Ni mimi mke wa ndugu yako,
Bilha